Mvua ya mabati na kiti cha ukutani

Kisumu, Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Mvua imeanza sasa hivi, na chini ya mabati haya hata anayeketi ubavuni mwako humsikii. Ndiyo maana vikao vya watunga programu hapa mjini vinafaa kuwekwa asubuhi, saa tatu hadi saa tano na nusu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, mawingu yakajikusanya, na ngurumo zikafika alasiri au jioni. Kwa wengi mvua ya mabati ni kero ya dakika kumi. Kwa mtu mwenye usonji (autism, ubongo unaopokea sauti, mwanga na mazungumzo kwa namna tofauti na wengi) ambaye masikio yake hayachuji sauti, siku imeishia hapo. Atafungasha kompyuta yake aondoke bila kuaga, na wenzake watasema anaringa.

Neno hilo, "anaringa", linaniuma. Huwatupa nje watu wazuri sana, na chanzo chake mara nyingi ni jambo ambalo lingeandikwa kwa mistari miwili.

Kampuni changa za teknolojia hujisifu kwamba zinapenda watu wanaofikiri kwa njia yao wenyewe. Kisha zinaendesha kila kitu kwa kanuni ambazo hakuna aliyeziandika: nani azungumze lini, kikao kinaisha saa ngapi, "ifanye haraka" ni leo au kesho kutwa. Mwenye usonji, mwenye ADHD (ugumu wa kutuliza umakini), mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), kila mmoja hujikwaa mahali pake, lakini wote wanadaiwa wajue jambo ambalo hawakuambiwa. Hata wazo lenyewe la utofauti wa ubongo (neurodiversity), yaani kwamba bongo za watu hutofautiana na tofauti hiyo si kasoro, lilikulia katika maandishi. Miaka ya 1990 watu wenye usonji walikuwa wakiandikiana kwa intaneti, mbali na kumbi na kelele zake, na Judy Singer wa Australia akalitumia neno hilo katika tasnifu yake ya 1998. Jumuiya ile iliandikiana kabla ya kukutana.

Basi, ukiandaa kikao, anza na tangazo lake. Lipeleke siku saba kabla, na liseme saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu wanaotarajiwa, chakula kitakachokuwepo (taja chapati na maharagwe, usiandike tu "vitafunio"), na kama mtu ataombwa kusema mbele ya wenzake. Weka picha ya lango, picha ya mlango, na sentensi moja ambayo mgeni anaweza kumwonyesha mtu wa boda kwenye simu. Ile desturi ya "ukifika stejini nipigie" ifutwe kabisa. Wapo watakaosimama ng'ambo ya barabara robo saa, simu mkononi, wakashindwa kupiga, wakarudi nyumbani. Na mkisema saa tatu, iwe saa tatu. Aliyejipanga tangu jana usiku kwa saa tatu hawezi kungojea hadi saa nne na bado awe na nguvu za kufanya kazi.

Chumba nacho kikaguliwe siku moja kabla, taa zikiwa zimewashwa. Stima yetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa ya mrija yenye balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) ya zamani hupepesa mara 100 kila sekunde. Wengi hawaoni, baadhi huumwa kichwa. Rekodi taa kwa kamera ya simu, video ya mwendo wa polepole, uone kama inapepesa. Taa nyingine za LED za bei rahisi nazo zina ugonjwa huohuo, kwa hiyo kubadilisha tu hakutoshi, jaribu kabla ya kununua. Kama hamna uwezo, zimeni taa na msogeze meza madirishani. Viti vinne au vitano viwekwe migongo ikielekea ukuta, karibu na mlango. Jenereta iwe upande wa mbali, na chumba cha kimya kiwe chumba kweli. Kona ya jikoni yenye sufuria na vijiko haifai.

Kujitambulisha kwa kuzunguka chumba, jina, unakotoka na unachofanya, ni desturi tunayoipenda mno. Mtu wa kumi na nane hasikii lolote la wale kumi na saba. Anarudia sentensi yake kichwani. Weka karatasi ya manila ukutani na kalamu, anayetaka aandike.

Kuhusu kadi za rangi, ambazo mtu huvaa kuonyesha kama anataka kusemeshwa na ambazo zilitumika kwanza katika mikusanyiko ya watu wenye usonji huko Marekani: kijani ni njoo tuzungumze, manjano ni kwa tunaojuana tu, nyekundu ni usinisemeshe. Kata manila, bandika kwa kibanio cha nguo, na chora umbo juu ya kila rangi, duara, pembetatu, mraba, kwa wasiotofautisha kijani na nyekundu. Kadi hizi huharibika kwa njia moja kila mara: viongozi wanakataa kuzivaa. Zikivaliwa na watu watatu tu, zinakuwa alama ya wagonjwa. Mwenyekiti avae ya kwanza.

Kazi yenyewe iende kwa vipindi vya kimya vya dakika 40, mapumziko 15. Mwanzoni kila mtu anaandika mstari mmoja wa anachokwenda kufanya. Mwenye ADHD ambaye ameshindwa kuigusa kazi wiki nzima peke yake mara nyingi huianza akiwa ubavuni mwa mwingine anayefanya yake. Mtangulizeni taarifa dakika tano kabla ya mapumziko, maana kukatwa ghafla katikati ya msimbo kunauma.

Hakathoni (vikao vya kutunga programu kwa mashindano) za usiku kucha sizipendi. Kukosa usingizi humharibu kila mtu, na huwaharibu wenye usonji au ADHD mapema zaidi. Gawanya saa hizo katika Jumamosi mbili.

Kwenye mashindano ya mawazo, angalia karatasi ya majaji. Kukiwa na alama za "kujiamini" na "kutazama hadhira", ziondoe, alama hizo ziende kwa kitu kinachofanya kazi mezani. Ruhusu video ya dakika tatu, maswali yaandikwe, na dakika kumi za kujibu. Usaili wa kazi vivyo hivyo: maswali yatumwe siku moja kabla. Specialisterne, kampuni iliyoanzishwa Denmark mwaka 2004, iliwapima waombaji kwa kuwapa roboti za Lego wazijenge na kuziongoza, badala ya kuwahoji. Usimuulize mtu ana ugonjwa gani. Watu wazima wengi hapa kwetu hawajawahi kupimwa. Muulize anahitaji nini ili afanye kazi vizuri.

Na aliyeondoka kabla ya wakati asipigiwe simu wala asitaniwe kwenye kundi la WhatsApp. Apelekewe ujumbe mmoja kesho yake, wenye tarehe ya kikao kijacho, na kwamba kiti cha ukutani, cha pili kutoka mlangoni, kimewekwa kwa ajili yake.