B12 kwa mlaji wa mimea pekee

Mtu anayekula vyakula vya mimea pekee, yaani asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa, hana sababu ya kuhangaikia vitamini zote kwa uzito ule ule. Vitamini C, E na K pamoja na folati (vitamini B9) zimejaa kwenye matunda, mboga za majani, karanga na jamii ya kunde, na anayekula vyakula hivyo kwa wingi hapungukiwi nazo kirahisi. Ya kutiliwa maanani hasa ni B12, ambayo wenzangu wengi wanaokula kama mimi bado wanaibishia.

Vitamini hii haitengenezwi na mmea wala mnyama, bali na bakteria. Ng'ombe huipata kutoka kwa bakteria walio tumboni mwake, mradi malisho yake yana madini ya kobalti, kisha huihifadhi kwenye ini, misuli na maziwa. Bakteria wa utumbo mpana wa binadamu nao huitengeneza, lakini mahali hapo huja baada ya sehemu ya utumbo mwembamba inayoifyonza, kwa hiyo karibu yote hutoka na choo bila kutufaa. Hivyo anayeniambia kwamba ng'ombe hula majani tu na bado ana nguvu hajanijibu chochote, kwani mimi sina tumbo la ng'ombe. Hata spirulina, aina ya mwani inayosifiwa sana, ina zaidi kemikali inayofanana na B12 ambayo mwili wetu hauwezi kuitumia. Baadhi ya vipimo vya maabara huihesabu kama B12 halisi, na pengine ndiyo maana sifa hizo hazikomi.

Kinachowapoteza watu ni ucheleweshaji. Ini la mtu mzima aliyekula nyama kwa muda mrefu huweza kuwa na akiba ya kutosha miaka kadhaa, naye hujiona mzima kabisa, akatoa ushahidi kwamba hahitaji kidonge chochote. Akiba ikiisha huja uchovu, ganzi na hisia ya kuchomwachomwa mikononi na miguuni, kuyumba anapotembea na usahaulifu. Tena folati nyingi iliyo katika mlo wetu huweza kuuficha upungufu wa damu ambao ungemshtua daktari mapema, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, wakati mwingine bila kurudi katika hali yake. Mtoto anayenyonyeshwa na mama asiye na B12 ya kutosha yumo hatarini zaidi, kwa kuwa akiba yake ni ndogo tangu mwanzo.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na wengi hushangaa kuona vidonge vya mikrogramu 1,000. Sababu ni kwamba protini ya tumboni inayoibeba B12 huweza kubeba takriban mikrogramu 2 kwa mara moja, na kinachozidi hapo hupenya kwa kiwango cha karibu asilimia 1. Ndiyo maana The Vegan Society ya Uingereza hushauri angalau mikrogramu 10 kila siku au 2,000 kwa wiki kwa anayetumia vidonge. Binafsi napendelea cha kila siku, maana cha wiki ni rahisi kusahaulika.

Vitamini D hutegemea zaidi jua kuliko sahani, ingawa uyoga ulioanikwa juani huwa na D2, aina mojawapo ya vitamini hiyo. Vitamini A tunaipata kutokana na beta-karotini ya karoti na majani ya kijani, nayo hufyonzwa vizuri zaidi mboga zikipikwa kwa mafuta kidogo.

Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, au dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa muda mrefu amweleze daktari wake waziwazi kwamba hali chochote kitokanacho na wanyama, kwa kuwa dawa hizo nazo hupunguza ufyonzaji wa B12, na aombe kupimwa damu kabla ganzi haijaanza.