Mfuko wa mgongoni

Fundi wangu wa Manzese alinizungushia futi shingoni, maana tulikuwa na harusi na mashati ya sare yalitakiwa haraka. "Kumi na saba na nusu," akasoma, kisha akafungua daftari lake la zamani. "Bosi, mwaka juzi ulikuwa kumi na sita. Mnakula nini huko Kimara?" Tukacheka. Miezi mitatu baadaye daktari naye akanipima shingo, nikadhani utani umenifuata mpaka hospitali. Akasema mwanaume ambaye shingo yake imezidi inchi 17, swali lake la kwanza ni kama anakoroma.

Mimi nilijua kukoroma ni usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Baba yangu alikoroma, mtaa mzima ukajua amerudi safari.

Aliyenishtua ni Mama Neema. Alinirekodi kwa simu, akanisikilizisha asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Mkoromo, mkoromo, halafu kimya. Kwenye ile rekodi unamsikia yeye anaanza kuhesabu kwa kunong'ona: moja, mbili, tatu... Amefika ishirini na sita ndipo nikavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. "Kila usiku nahesabu, Baba Neema," akasema. Chai ilinishinda.

Kumbe ukilala misuli ya koo inalegea, na kwa wengine inalegea mpaka njia ya hewa inaziba; wanaita sleep apnea, yaani pumzi kukatika usingizini. Oksijeni ikishuka, ubongo unakugutusha uvute pumzi, wewe huna habari. Kipimo cha usiku mmoja kilinihesabia pumzi kukatika au kupungua mara 34 kwa saa, na ikifika 30 wanaita kali. Hapo ndipo nilipoelewa presha isiyosikia vidonge viwili, na kuamka kukojoa mara nne (nilishajiandaa kuambiwa tezi dume), na kusinzia kwenye mwendokasi mpaka nashtuka Kivukoni wakati nashukia Fire. La chumbani sitaliandika kwa kirefu. Ila zile dawa mnazonunua kimyakimya, wanaume wenzangu, hazifungui koo.

Mashine ya kusukuma hewa ninayo, ni ghali na nimeizoea kwa shida. Umeme ukikatika saa nane usiku naamka na barakoa usoni, joto la Dar limenikaba, feni nayo kimya. Kwa hiyo daktari akasisitiza yale mengine pia.

Bia ndiyo iliyoniuma. Pombe inalilegeza koo zaidi, na mimi Ijumaa nilikuwa mtu wa tatu na kitimoto, saa tano usiku. Sasa ni moja, Jumamosi mchana. Wenzangu wanasema nimeokoka. Chakula cha usiku nakula kabla ya saa moja, foleni ikiruhusu, na ugali umeshuka hadi saizi ya ngumi yangu. Jioni nashuka Kimara Korogwe, namalizia kwa miguu hadi Mwisho. Kutoka kilo 104 nimefika 95. Vidonge vya presha bado nameza, msije mkaacha vyenu kwa sababu yangu.

Halafu kulala chali. Chali ndiyo mbaya kuliko zote, ulimi unarudi nyuma. Nikarudi kwa fundi na fulana kuukuu, nikamwomba ashone mfuko mgongoni, katikati ya mabega.

"Mgongoni? Unamficha shemeji hela?"

Nikamtolea mpira wa tenisi. Akaupimapima kwenye kitambaa, akashona kwa uzi mara mbili, akaweka na kifungo ili nisiupoteze. Hakunitoza. Usiku wa kwanza niligeuka chali, nikaruka nikidhani nimelalia mdoli wa Neema. Wiki ya pili mwili ukawa unajigeuza wenyewe.

Juzi nilimuuliza Mama Neema siku hizi anafika ngapi. Akasema hajui, naye alikuwa amelala.