Bismuthi kwenye nitrojeni: hatimaye namba zimetulia

Imekubali! Kipande changu cha bismuthi, metali nzito na dhaifu, kikiwa kimezama ndani ya nitrojeni kimiminika, kimepandisha ukinzani (kiasi kinavyozuia umeme kupita) zaidi ya mara mbili nilipokibana kati ya sumaku mbili za neodimiamu, uga wa sumaku wa karibu nusu tesla (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Kwenye joto la kawaida hapa Nakuru, sumaku hizo hizo zilikipandisha kama asilimia 15 tu. Kwenye baridi elektroni husafiri mbali zaidi kabla ya kugongana na chochote, kwa hiyo sumaku hupata nafasi ya kuzipinda.

Nitrojeni naipata kwa daktari wa ng'ombe wa Njoro anayehifadhia mbegu za fahali. Kwa mwinuko wetu huchemka kwenye kelvini 75 na nusu hivi, si 77 kama majedwali ya usawa wa bahari yanavyosema. Rekebisheni hesabu zenu.

Kilichoninyima usingizi ni volti za joto. Pale bismuthi inapoungana na waya wa shaba, kila digrii moja ya tofauti kati ya maungio mawili huzaa mikrovolti makumi kadhaa. Kipande changu kina urefu wa milimita 20 na unene wa milimita 1. Kikiwa kwenye baridi, ukinzani wake ni miliomu 7 hivi, na mkondo wa miliampea 100 unanipa mikrovolti 700 tu. Povu la nitrojeni likigusa ungio moja, namba zinahama papo hapo.

Wengi hushauri ugeuze mkondo kisha utafute wastani. Kwa shaba sawa, kwa bismuthi haitoshi! Mkondo wenyewe hupasha ungio moja na kupoza lile lingine, ile athari ya Peltier, na ukiugeuza polepole tofauti hiyo inageuka pamoja nao. Haijifuti hata kidogo; inajificha ndani ya jibu kana kwamba ni ukinzani.

Dawa ikawa mkondo geu, yaani unaogeuka mwelekeo haraka haraka, wa hezi 83 (mizunguko 83 kwa sekunde), mbali na zile 50 za stima ya nyumbani. Joto halipati muda wa kujikusanya. Waya za volti nimezisokota barabara mpaka kwenye amplifaya, kisha kadi ya sauti ya kompyuta kuukuu na programu fupi ya kuchuja hezi 83 peke yake. Kwa kazi hii kadi hiyo inaishinda mita yoyote ya mkononi niliyowahi kushika.

Mpango ulikuwa nizungushe sumaku pembe kwa pembe nichore grafu. Nimeuweka kando. Mwaka 1930 kule Leiden, Uholanzi, wanafizikia Shubnikov na de Haas waliona ukinzani wa fuwele safi za bismuthi ukipanda na kushuka kwa mawimbi uga ulipoongezwa. Baridi yao siifikii, lakini fuwele moja nzima, ambayo atomi zake zimepangwa kwa mpangilio mmoja toka mwanzo hadi mwisho, naitaka. Bismuthi huyeyuka kwenye selsiasi 271, jiko la kawaida linatosha. Kwa kuwa hutanuka ikiganda, bomba la kioo litapasuka. Kwa hiyo nachonga mfereji wazi kwenye kijiti cha kaboni cha betri kubwa ya redio, niyeyushie humo na kuuacha upande mmoja utangulie kupoa.