Nyumba ikinukia, sufuria imeibiwa

Mara ya kwanza nilipopika risoto ya mchaichai, yaani ule wali wa rojo wa Kiitaliano, mpwa wangu alikula vijiko vitatu, akanyamaza, akatia vidole viwili mdomoni na kuanza kuvuta kitu. Alivuta polepole, kama mtu anayechomoa uzi kwenye pindo la nguo. Kikatoka kiunyuzi cha kijani, urefu wake kama nusu ya njiti ya kiberiti. Akakilaza ukingoni mwa sahani, akakitazama, kisha akaniuliza kwa adabu zake zote: "Shangazi, hii ni mboga au ni kamba?"

Nilikosa la kumjibu. Nilikuwa nimekatakata mashina manne ya mchaichai nikayakaanga na kitunguu, nikiamini kwamba dakika ishirini za moto zingeyalainisha. Weee! Mchaichai ni nyasi, tena wa ukoo mmoja na mpunga wenyewe, na mahindi, na muwa, na mwanzi. Shina lake limejaa nyuzi zilizosimama wima toka chini hadi juu. Ukizikata fupi unapata nyuzi fupi, basi. Siku hiyo tulimaliza kula kila mtu na rundo lake pembeni ya sahani.

Mara ya pili nikajifanya mjanja. Niliyaponda mashina mazima, nikayafunga fundo, nikayatumbukiza kwenye supu ya kuku na kuiacha ichemke saa nzima, sufuria wazi. Jirani wa ghorofa ya juu alipita, akagonga mlango: "Jamani, leo kwenu kuna nini? Harufu imefika mpaka ngazini." Nilivimba kichwa. Nikapika, nikapakua, nikaonja kijiko cha kwanza. Wali wa jibini. Nikaonja cha pili nikiutafuta mchaichai kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Haumo.

Ilinichukua muda kuona jambo ambalo lilikuwa wazi. Harufu ni chembechembe zilizotoka kwenye chakula zikaingia hewani. Zilizofika ngazini ndizo zile zile zilizopaswa kufika kwenye sahani. Kinachoufanya mchaichai unukie kama limau kinaitwa sitrali, nacho kimo pia kwenye ganda la limau lenyewe. Kina tabia mbili ambazo mpishi hana budi kuzijua: kikipata joto hupaa haraka, na huyeyuka kwenye mafuta vizuri kuliko kwenye maji. Mimi nilikuwa nimekitia kwenye maji, nikakiwashia moto saa nzima, nikakifungulia mlango. Jirani ndiye aliyekula risoto yangu.

Tangu siku hiyo napika hivi.

Nianze na mchele, maana hapo ndipo watu wengi wanapokimbilia krimu. Risoto haihitaji krimu. Ule urojorojo unatoka kwenye punje zenyewe. Mchele una wanga wa aina mbili, amilosi na amilopektini. Wenye amilosi nyingi, kama basmati, hukaa punje moja moja, hata ukiukoroga hadi usiku. Wenye amilopektini nyingi hutoa wanga wake taratibu kwenye supu na kuifanya nzito. Michele ya risoto ni ya kundi hili la pili, punje fupi na nene zenye tumbo jeupe, nayo hulimwa zaidi kaskazini ya Italia, kwenye bonde la Mto Po. Aina iitwayo Arborio imepewa jina la mji mdogo ulioko Piemonte, huko huko kaskazini. Carnaroli ni mbegu iliyopatikana mwaka 1945, ina amilosi nyingi kidogo kuliko Arborio na ndiyo ninayoipenda. Arborio hutoa rojo upesi, lakini ukizubaa dakika mbili una gundi. Carnaroli inamvumilia mpishi anayepokea simu.

Na usiuoshe. Najua, mkono unakataa. Mimi mara ya kwanza nilishaufikisha kwenye bomba kabla sijakumbuka. Ule unga mweupe unaobaki kwenye kiganja ukishika mchele ndio rojo lako lenyewe, ukiumwaga na maji ya kuoshea utakuja kuutafuta baadaye na pakiti ya krimu mkononi. Chambua mawe kama yapo, ishie hapo.

Watu wanne wanatosheka na gramu 320 za mchele, yaani 80 kila mmoja. Supu andaa lita moja na robo, ya kuku au ya mboga, iwe nyepesi. Supu ya ng'ombe iliyochemshwa mifupa siku nzima ina sauti kubwa, mchaichai hausikiki ndani yake.

Sasa supu hiyo naigawa. Lita moja inakaa kwenye sufuria ndogo, moto wa chini, bila mchaichai wowote. Robo lita iliyobaki naichemsha peke yake na kuimimina kwenye chupa ya chai, ile inayotunza joto, ambayo nimekwisha kuitia mashina manne yaliyopondwa. Nafunga kifuniko hadi mwisho na kuiacha nusu saa. Humo hakuna pa kutorokea: moto upo, mvuke haupo. Kutoka kwenye kila shina natumia theluthi ya chini tu, sehemu nene iliyo nyeupe yenye uzambarau kidogo. Ganda la nje lililokauka navua. Kuponda ni kwa mchi au mgongo wa kisu kizito, mpaka usikie shina limepasuka na vidole vyako vimelowa. Majani ya juu ni makali, yanakata ngozi kama ukingo wa karatasi. Hayo nayaacha kwa ajili ya chai.

Angalizo: chupa hiyo iwe ya supu tu. Yangu ilikuwa ya chai ya tangawizi kwa miaka, nikadhani nimeiosha. Risoto ya siku hiyo ilikuwa na tangawizi ambayo sikuitia. Haikuwa mbaya, lakini si nilichokuwa napika.

Kisha siagi. Hapa ndipo nilipohangaika zaidi, na hapa ndipo risoto hii inapofaulu au kushindwa. Kwa kuwa sitrali inapenda mafuta, niliwaza kuyeyusha siagi na mchaichai ndani, kuichuja, kuigandisha tena. Harufu ilikuwa nzuri ajabu. Lakini siagi ikiyeyuka inavunjika: asubuhi nilikuta mafuta ya njano yameganda juu na maji meupe chini, na nilipoitia kwenye wali iliogelea juu kama mafuta ya taa kwenye dimbwi. Siagi inayofunga risoto lazima iwe nzima, maji na mafuta vikiwa bado vimeshikana, na iwe ya baridi.

Kwa hiyo siyeyushi. Nachukua mashina mawili, navua ganda baada ya ganda mpaka nifike kwenye kiini chororo ambacho kisu kinapita bila kubishana nacho. Ni kidogo, kijiko kimoja cha chai na kitu. Nakitwanga kinuni na chumvi kiasi mpaka kiwe uji wa kijani hafifu, ndipo natia gramu 60 za siagi iliyolainika kwa kukaa nje, natwanga tena. Kisha naisukuma yote kwenye chujio la waya kwa mgongo wa kijiko. Kazi hii inachosha mkono na hakuna mtu atakayekusifu kwa kuifanya. Nyuzi zinabaki juu ya waya, siagi inapita chini. Naikamulia matone ya ndimu, naikoroga, naifunga kwenye karatasi, naitia kwenye friji. Ikilala usiku mmoja ni bora zaidi.

Ndimu ile ina sababu. Waitaliano humwagia mchele divai nyeupe mwanzoni ili kupata uchachu unaokata uzito wa siagi na jibini. Mimi divai sipikii, na ndimu ikitiwa mwanzoni ikachemka naona inapoteza uchangamfu wake. Wazo la kuuhamishia uchachu kwenye siagi si langu. Gualtiero Marchesi, mpishi wa Milano aliyefariki 2017 na ambaye risoto yake ya zafarani yenye karatasi ya dhahabu juu ilimpa jina, alikuwa akimalizia kwa siagi iliyotiwa uchachu. Dhahabu sina, siagi chachu naiweza.

Kupika kwenyewe sasa ni kwepesi. Kitunguu nusu, kilichokatwa kikawa vipunje vidogo kuliko mchele, kwenye kijiko cha siagi ya kawaida, moto mdogo, kilainike bila kubadilika rangi. Tia mchele mkavu. Geuza dakika mbili tatu. Usingoje rangi, sikiliza: mwanzoni unatoa mlio wa mchanga, baadaye mlio wa vikokoto vinavyogongana, na ukigusa punje kwa kidole inakuunguza. Mwaga upawa wa kwanza wa supu ya moto. Ikinywewa, upawa wa pili. Kuna watu wamefanya kukoroga kuwa adhabu, husimama pale hawageuzi hata shingo. Hakuna haja. Koroga vya kutosha punje zisuguane na zisishike chini, pumzika, koroga tena. Supu iwe ya moto kila mara, ya baridi inaukatisha mchele safari.

Ikifika dakika ya kumi na tatu hivi, achana na sufuria ya supu. Fungua chupa ya chai, chuja, na kuanzia hapo tumia hiyo tu. Onja punje: kati iwe bado na kitone cheupe kinachokataa jino kidogo. Yangu hufika hapo kati ya dakika 16 na 18. Zima moto wakati wali ungali majimaji kuliko unavyotaka kula, kwa sababu utaendelea kunywa.

Subiri dakika moja. Kisha tia ile siagi kutoka kwenye friji, imekatwa vipande, pamoja na jibini ya Parmigiano iliyokunwa, gramu 30. Vitabu vingi vinataka mara mbili ya hiyo. Mimi niliipunguza baada ya kugundua kwamba jibini ni mgeni anayeongea peke yake mezani. Tikisa sufuria kwa mkono mmoja, koroga kwa nguvu na mwingine. Waitaliano wanakiita kitendo hiki mantecatura, na wanataka matokeo yawe all'onda, yaani ya wimbi: ukiinamisha sufuria, wali uende na kurudi kwa pamoja. Ukiumimina kwenye sahani na ukakaa kama kilima, umechelewa, ongeza supu. Ukitambaa polepole hadi ukingoni na kutulia, ita watu.

Tui la nazi? Nimeulizwa sana. Linafaa, lina mafuta, linaubeba mchaichai vizuri. Lakini likiingia risoto inakuwa ya nazi yenye mchaichai kwa nyuma, na jibini inabidi itoke. Ni chakula kingine, siku nyingine.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alirudi. Alifungua mlango, akavua viatu, akavuta hewa kama anavyofanya kila akiingia kwangu, akakunja uso. "Shangazi, leo hukupika?"

"Kanawe mikono."

Alikaa mezani akiwa na mashaka. Nikampakulia, sahani ya bapa, wali ukatambaa. Mvuke ulipompiga usoni alirudisha kichwa nyuma, halafu akakileta mbele tena, karibu pua iguse. Alikula. Katikati ya sahani alisimama, akatia vidole viwili mdomoni, na moyo wangu ukadunda. Alikuwa anatoa jino. Linacheza tangu wiki iliyopita, akasema, na akaendelea kwa upande wa pili.

Alipolala niliyarudisha yale mashina kwenye chupa ya chai, nikayamwagia maji yanayochemka, nikafunga. Nilikunywa nikiosha sufuria. Bado yalikuwa na kitu, ila chai yenyewe ilikuwa na ladha ya kuku kwa mbali.