Nani amelala ndani ya lori? Siku yangu moja na ng'ombe wa Pugu

Saa 10 na nusu alfajiri

Malori mengi ya ng'ombe huingia Pugu kabla jua halijachomoza, kwa hiyo nami huwa nimeshafika. Ninapanda vyuma vya ubavuni, ninamulika tochi ndani na kuhesabu migongo. Ng'ombe waliosimama migongo yao hulingana. Palipo na pengo ndipo alipolala mmoja, na wenzake wamekuwa wakimkanyaga tangu alipoanguka.

Mimi ni daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kufuatilia ustawi wa wanyama wakiwa safarini na wakiwa mnadani: nani amefika mzima, nani ameumia, ameumia wapi na kwa sababu gani. Pugu ni mnada wa upili, yaani unaopokea mifugo iliyokwisha kununuliwa kwenye minada ya awali ya vijijini, na sehemu kubwa ya nyama inayoliwa Dar es Salaam hupita hapa ikiwa bado inatembea kwa miguu minne. Ng'ombe wanatoka Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara. Wa Shinyanga wamesafiri karibu kilomita 1,000. Wamepanda kona za mlima wa Sekenke, wamepita Singida, Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro na Chalinze, wakikaza miguu kila dereva anaposhika breki.

Lori la kwanza leo halina pengo. Namshukuru Mungu, nashuka.

Saa 11

Kabla ya mlango kufunguliwa ninamtafuta msindikizaji. Dereva nitaongea naye baadaye. Msindikizaji ndiye aliyekaa juu ya vyuma usiku kucha, kapigwa na baridi ya Dodoma, ana tochi na fimbo, na ng'ombe akianguka yeye ndiye anayeshuka katikati ya pembe kumwinua.

"Mwangaluka, mayu," ananisalimia. Ni kijana wa Kisukuma, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mwangaluka, baba. Poleni na safari. Mlipakia lini?"

"Juzi jioni. Wawili waliteleza Sekenke, tukawanyanyua. Maji tuliwapa Singida, kwa ndoo."

Ninaandika yote: saa ya kupakia, mara ya mwisho kunywa, mahali waliposimama, walioanguka. Ng'ombe mzima huhitaji lita 30 hadi 50 za maji kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Ndoo chache zilizopitishwa kati ya vyuma zinawafikia walio pembeni, wa katikati wanabaki na kiu. Lakini kijana huyu alisimamisha lori akawanywesha, na hilo ninaliandika pia kwa jina la lori lake.

Saa 12 asubuhi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Lori linarudi nyuma hadi kwenye kipakilio, ngazi ya zege ya kushushia ng'ombe. Likisimama mshazari, hubaki uwazi kati ya sakafu ya lori na ukingo wa zege, na mguu wa mbele wa ng'ombe anayeharakishwa huingia humo. Nimeona mfupa ukivunjika kwa sababu ya uwazi wa upana wa kiganja. Kwa hiyo ninamwomba dereva aende mbele, arudi tena, anyooshe. Wengine hukasirika. Ninasubiri tu.

Mlango ukifunguliwa ninasimama pembeni, wasinione, na kuhesabu mambo manne: walioteleza, walioanguka, waliolia na waliopigwa. Njia hii ya kuhesabu ilienezwa na Profesa Temple Grandin wa Marekani kwenye machinjio ya huko, na kipimo chake cha kuanguka ni kikali: ng'ombe mmoja katika kila 100, asizidi. Ninaipenda hesabu kwa sababu haibishaniwi. Nikimwambia mfanyabiashara "mnawatesa wanyama", ataniuliza mimi nani. Nikimwambia katika ng'ombe 34 wako watano wameteleza mahali palepale, penye mbao iliyolainika kwa mavi, anakwenda mwenyewe kuitazama.

Dawa ya mbao hiyo ni mchanga, au vyuma vilivyopandikizwa sakafuni kwa mikingamo ili kwato zishike. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja anayefika mguu umevunjika.

Saa 12 na dakika 40

Lori la tatu lina pengo.

Ni ng'ombe jike, amelala ubavu nyuma kabisa ya lori, ngozi ya paja imechunika. Namtazama tumbo, kisha kiwele, na moyo unanizama: ana mimba kubwa, kiwele kimeshaanza kujaa. Viwango vya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, vilivyopitishwa mwaka 2005, vinataja wasiofaa kusafiri, na mmoja wao ni mnyama atakayefika akiwa katika asilimia 10 ya mwisho ya mimba yake. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, kwa hiyo ni mwezi wa mwisho. Wengine ni mgonjwa, kipofu wa macho yote, asiyeweza kusimama bila msaada, aliyezaa ndani ya saa 48 akitenganishwa na ndama wake, na ndama ambaye kitovu hakijapona. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, nayo haikuacha nje wanyama walio safarini.

Vijana wameshaleta kamba. Wanataka kumfunga miguu ya mbele wamburute hadi chini.

"Subirini, wanangu. Tushushe wengine kwanza."

Mwenye mzigo, mzee wa makamo aliyevaa kofia, anasogea. "Daktari, huyo hasimami tena. Tumtoe upesi auzwe kabla hajafa."

"Mzee wangu, hebu nipe nafasi nimpime kwanza. Nikiona amevunjika nitakwambia mimi mwenyewe, na atachinjwa papo hapo bila kusogezwa."

Kumburuta mnyama hai ndicho kitendo ninachokipinga kuliko vyote katika kazi hii. Ngozi inachanika, nyonga inateguka, na yule aliyekuwa na nafasi ya kupona anaipoteza kwenye ngazi tatu za zege. Nikishika miguu mmoja mmoja, hakuna mfupa unaosagika. Anavuta mguu nikimfinya kati ya kwato: mishipa ya fahamu ni mizima. Tunamgeuza akae kifua chini, miguu ikiwa imekunjwa, maana ng'ombe aliyelazwa ubavu kwa muda mrefu tumbo hujaa gesi na misuli ya upande wa chini hukosa damu. Kijana mmoja analeta ndoo. Anakunywa hadi mwisho, kisha ya pili. Tunatandika magunia na kumwaga mchanga mbele ya kwato zake. Halafu tunamwacha, na hili ndilo gumu kwa watu wenye haraka.

Baada ya saa moja hivi tunapitisha magunia mawili chini ya kifua chake, watu sita, tunahesabu pamoja. Anajaribu, magoti yanarudi chini. Mara ya pili anasimama, anatetemeka, anabaki wima.

Tunampeleka taratibu kwenye zizi la pembeni lenye kivuli. Mzee anaangalia kimya, kisha anasema atamtafutia mtu wa kumfuga upande wa Kisarawe. Namwambia aliyepaswa kumkataa ni aliyempakia kule alikotoka. Anaitikia kwamba hata yeye hakumkagua, alihesabu vichwa tu. Nimefika mahali pa kuamini kwamba mateso mengi ya safari huamuliwa siku ile ng'ombe anapopanda lori. Ninachokiona mimi huku ni matokeo.

Saa 3

Ukaguzi wa vibali na afya pamoja na maafisa wa mnada: hereni za utambulisho, chapa, kibali cha kusafirisha, dalili za homa ya mapafu na ugonjwa wa miguu na midomo. Leo hakuna la kutisha.

Saa 4 na nusu

Mwenzangu aliyekesha machinjioni ananitumia picha kwa simu. Ni mizoga ya ng'ombe waliotoka mnadani jana, ngozi imeshatolewa. Ng'ombe akiwa hai manyoya yanaficha, mzoga haufichi kitu. Mchubuko mwekundu ni wa jana au juzi, uliogeuka njano ni wa siku nyingi, pengine wa mnada wa awali huko kijijini. Michirizi miwili sambamba mgongoni ni fimbo. Doa kubwa kwenye nyonga ni mlango mwembamba. Picha moja inaonyesha nyama nyeusi, kavu, inayonata. Hiyo ni ya mnyama aliyechoka mpaka akamaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Akishachinjwa asidi haijijengi vya kutosha, nyama inabaki na pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapoongezeka) karibu 6 au zaidi badala ya kushuka hadi takriban 5.5, na huharibika mapema. Mwuzaji wa bucha atailalamikia rangi yake bila kujua ni safari ya usiku ule.

Saa 5 na nusu

Februari hapa Pugu jua halina huruma, na unyevu wa pwani unazuia jasho kukauka. Mbari zetu za zebu, ng'ombe wenye nundu, huvumilia joto kuliko ng'ombe wa Ulaya, lakini hata wao nawakuta wamefungua midomo, ndimi nje, mate yanadondoka. Hao wanahamishwa kwanza kivulini na kwenye birika.

Ninatumia muda huu kukaa na vijana wanaoswaga. Wengi wao hawana ukatili wowote, walifundishwa kazi kwa fimbo tu. Ninawaonyesha begani. Ukisimama nyuma ya bega la ng'ombe na kumsogelea, anakwenda mbele. Ukisogea mbele ya bega, anarudi nyuma. Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo anayempiga matakoni anapigwa na kitu asichokiona, ndiyo maana hugeuka badala ya kwenda. Kijana mmoja amefunga mfuko wa plastiki kwenye ncha ya fimbo, anautikisa tu, na kundi lake la ng'ombe kumi linaingia zizini bila pigo hata moja. Wenzake wanamtazama. Nimefurahi sana.

Saa 8 mchana

Mbuzi na kuku. Mbuzi anabebwa kwa mguu mmoja, ninasimama kusema abebwe kwa kukumbatiwa kifua na matako. Kuku wananing'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda, wamefungwa miguu kama kitita cha mchicha. Kuku hana kiwambo kama chetu kinachotenganisha kifua na tumbo. Akiwa kichwa chini matumbo yanalalia mapafu, na hana jasho, anapumua kwa haraka ili apoe. Tenga lenye nafasi linatosha. Dereva wa bodaboda ananisikiliza, anasema, "Dada, wateja wananisubiri," na kuondoka nao vilevile. Ninaandika.

Saa 10 jioni

Malori ya kwenda machinjioni yanapakia. Wanunuzi wengi ni Waislamu, na wazee kati yao wananiunga mkono kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Mzee mmoja amewarudisha chini ng'ombe wanne kwa sababu lori limejaa. Ng'ombe wa kilo 250 hadi 300 anataka karibu mita moja ya mraba. Wafanyabiashara husema wakibanana hawaanguki, na kuna ukweli ndani yake, kwani wakiwa wachache mno hurushwa huku na huku. Lakini aliyebanwa akianguka hana nafasi ya kuinuka.

Saa 12 jioni

Jike wa asubuhi anakula majani. Goti moja limevimba, anachechemea, atakaa hapa siku kadhaa kabla ya kusogezwa popote.

Ninamaliza ripoti ya leo na kuirudisha kwa maafisa mifugo wa wilaya ambako malori yalipakiwa: idadi ya walioteleza, walioanguka, jike mwenye mimba na saa aliyopakiwa. Chini kabisa nimeongeza ombi ninalolirudia kila ninapopata nafasi, kwamba kila lori linalovuka mkoa liwe na wasindikizaji wawili wa kupokezana usiku, wenye malipo yanayoeleweka, wanaoruhusiwa kumwamuru dereva asimame. Sasa hivi kijana wa juu ya vyuma hugonga bati la lori kwa ngumi, na dereva huamua mwenyewe kama amesikia.

Mzee mwenye kofia amenipigia simu. Ana mzigo mwingine unaopakiwa Nzega kesho jioni, na anataka nimtajie tena ile orodha ya wasiofaa kusafiri ili amsomee mtu wake wa huko. Nimemtajia wote, mmoja baada ya mwingine, naye akiandika.