Chongqing, chini ni wapi?

Jamani, Chongqing, jiji la China, imenivuruga. Pale kwenye jengo la Kuixinglou umesimama kwenye uwanja, watu wanapiga picha, watoto wanakimbia, una hakika uko chini kabisa. Sogea ukingoni uchungulie: kuna ghorofa zaidi ya 20 chini yako! Ramani ya simu haisaidii kitu. Inasema umefika, kumbe duka liko huko bondeni.

Halafu kuna kituo cha treni cha Liziba. Treni ya Laini ya 2 inaingia ndani ya jengo wanamoishi watu, kituo kiko ghorofa ya 6 hadi ya 8, kisha inatokea upande wa pili. Niliwahurumia wakazi kwa kelele, lakini ina matairi ya mpira, inapita taratibu tu.

Kulipa ni kwa simu, hata kwa muuza viazi wa barabarani.

Chakula sasa! Sufuria la mafuta mekundu linachemka mezani, pilipili zinaelea, na kuna punje fulani zinatia ulimi ganzi. Wenyeji wanachovya nyama kwenye mafuta ya ufuta na kitunguu saumu kupunguza ukali. Sisi wa pilipili mbuzi tusijidai kabisa. Nimekula huku machozi yakinitoka, na kesho narudi.