Siku ya kumi na mbili

Saa 10:30 alfajiri. Simu inatetemeka chini ya mto. Ujumbe wa mama watoto: "Kalala. Mdomo bado." Maneno matatu, nami nayasoma yote: homa haijapanda, vidonda vya mdomoni vimemtesa binti usiku kucha, na yeye mwenyewe hajafumba jicho. Leo ni siku ya kumi na mbili. Nyumbani kwetu Nkuhungu kalenda ya ukutani haina kazi tena. Tunahesabu kuanzia siku ya sifuri, siku ambayo binti yetu mwenye selimundu aliwekewa uloto wa mdogo wake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Saa 12 asubuhi. Mama yangu, aliyetoka Mvumi kuja kutushika mkono, amekoroga uji wa uwele. Kijana hagusi kikombe. Ana miaka kumi. Alitolewa uloto kwenye mfupa wa nyonga akiwa usingizini, akaumwa mgongo siku chache, akarudi darasani. Watu wote wanauliza habari za dada yake.

Namfikisha shuleni kwa bajaji. Getini hashuki.

"Baba, uloto wangu ukigoma, nitakuwa nimemuua dada?"

Nyuma yangu bodaboda anapiga honi. Nikamwambia "hapana, shuka, utachelewa." Ndivyo nilivyomjibu. Nimelibeba jibu hilo mchana kutwa kama mchanga ndani ya kiatu.

Saa 2. Kijiweni. Wenzangu wananiuliza, "Mgonjwa?" Nasema, "Tunamshukuru Mungu." Wanaridhika, nami naridhika kwamba wameridhika. Hesabu ya bosi haijui habari za wodi.

Saa 4. Mama watoto anapiga. Yuko ndani na binti wiki ya nne sasa, maana dawa kali za kuua uloto wa zamani zilianza kabla ya upandikizaji wenyewe. Barakoa, kunawa, chakula kilichoiva sawasawa, hakuna wageni. Haniombi pesa wala nguo. "Baba watoto, pita sokoni, usikate simu." Basi nampandisha abiria wa Majengo, simu naiweka kwenye dashibodi, spika wazi. Makonda wanaita abiria, mama mmoja anagombania bei ya nyanya, mtu anatukana punda. Abiria wangu ananiuliza nani anasikiliza. "Mke wangu," nikamwambia. "Anasikiliza nini?" Nikakosa la kumwambia. Upande wa pili niliusikia mlio ambao sikujua kama ni kicheko au kilio, na sikuuliza.

Saa 7. Wali maharage, haraka. Kaka yangu anapiga kukumbushia kwamba tumempeleka mtoto kwenye majaribio. Huduma hii kwa watoto wa selimundu ilianza hapa Dodoma mwaka 2023. Kabla ya hapo tulisikia habari za India tu, na India kwa dereva wa bajaji ni hadithi. Sibishani naye tena. Kinachoniuma ni kingine: ugonjwa ule binti aliupata kwetu wawili, nusu kwangu na nusu kwa mama yake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuumwa. Nafunga simu, nanawa.

Saa 9 alasiri. Fundi anapiga dari. Daktari alisema vumbi na ukungu ni hatari kwa mtoto ambaye kinga yake inaanza upya, na Dodoma hii, upepo ukivuma, vumbi unalila. Sakafu tayari ina simenti. Bado madirisha.

Saa 10. Nimepeleka nguo safi mpaka mlangoni, siingii ndani. Nikamkuta sista wa wodi, nikamweleza swali la getini. Nilitegemea anipe maneno ya kumwambia mtoto. Aliniuliza kwanza kama kijana anakula. Kisha kama mimi nalala. Nikasema nalala. Akanitazama kidogo. "Mlete Alhamisi, aongee na mtu wa ustawi wa jamii. Na wewe usiondoke, ubaki."

Saa 1 usiku. Kijana na bibi yake wanakula ugali na mlenda. Nimekaa karibu naye, nikamwambia asubuhi nilimjibu vibaya. Dada aliugua kabla ya uloto wake, nikasema, na uloto ukikataa, madaktari watasema umekataa. Hakuna atakayesema yeye ndiye aliyekataa. Akaendelea kuvuta mlenda kwa tonge. Mama yangu akamwongezea mboga bila kusema neno.

Saa 3. Simu. Majibu ya damu: zile seli nyeupe za kinga, ambazo juzi na jana zilikuwa sifuri, leo ni 200. Wanataka zifike 500 siku tatu mfululizo ndipo waseme uloto umeshika. Kijana amechukua kalamu, ameandika nyuma ya daftari la hisabati: siku ya 12, 200.

"Ni nyingi?"

"Bado si nyingi."

"Lakini ni zangu?"

"Ni zako."